Tuweke Vijiko Vitatu? Usugu wa Vimelea vya Chakula na Miradi Yetu ya Kuku



Katika ziara ya ufuatiliaji ya mwanzo wa mwaka, mama mmoja ambaye ni mtunza kumbukumbu wa kikundi cha kuku wa mayai alinisubiri mpaka wenzake walipotawanyika, ndipo akaniita pembeni. “Mratibu,” akasema, “ile dawa ya unga mliyotuletea, zamani tulikuwa tunaweka kijiko kimoja kwenye ndoo ya maji na kuku wanapona. Siku hizi tunaweka viwili na bado wanakufa. Sasa tuweke vitatu?” Nikamjibu, “Hapana mama, usiongeze. Nitarudi na daktari wa mifugo.” Lakini njiani neno lililonisumbua halikuwa vijiko. Ni lile alilosema kwamba dawa *tuliwaletea*.

Ni kweli tuliwaletea. Katika awamu ya kwanza ya mradi tulinunua oksitetrasaikilini ya unga kwa jumla na kugawa kwa kila kikundi pamoja na vifaranga, kwa maelekezo kwamba watie kwenye maji ya kunywa mara kwa mara “kama kinga”, hata kama hakuna kuku anayeumwa. Ilikuwa kwenye bajeti chini ya kifungu cha dawa. Kamati ilipitisha, wafadhili walipitisha, na mimi nilisaini. Hakuna aliyeuliza. Baadhi yenu mmeniandikia kutaka kujua kwa nini kifungu hicho kimekatwa katika bajeti mpya, na kwa nini taarifa ya mapato ya mayai imeshuka. Makala hii ni jibu langu kwenu, na ni jibu kwa yule mama.

Kuku walikuwa wanakufa na nini?

Daktari wa mifugo alipopasua wale waliokufa alisema ni mdondo, ambao sehemu nyingine huitwa kideri. Mdondo unaletwa na virusi. Antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, haziwezi kuua virusi hata ukiweka vijiko kumi. Kinga ya mdondo ni chanjo, na ipo ile inayostahimili joto, inayotengenezwa hapa nchini, ambayo kuku hudondoshewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo kuliko bei ya yai.

Kwa hiyo kikundi kile kilikuwa kimetumia fedha kwa dawa isiyohusika kabisa na ugonjwa uliowaua kuku wao. Wale waliopona zamani huenda walikuwa na ugonjwa mwingine, au walipona wenyewe. Ingekuwa hasara ya fedha tu, tungesema bahati mbaya. Lakini dawa ile haikupita bure matumboni mwa kuku. Humo ndani mna bakteria wa aina nyingi sana, na hao walikunywa dawa kila wiki kwa muda mrefu.

Bakteria anavyozoea dawa

Watu husema “mwili umezoea dawa”. Si mwili unaozoea, ni bakteria. Jambo hili linachanganywa hata na watu waliosoma.

Bakteria kama E. koli, akiwa mahali penye joto la kutosha na chakula, huweza kugawanyika mara moja kila dakika 20. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, na baada ya saa 7 wamepita milioni 2. Katika kunakiliwa huko kwa haraka makosa madogo hutokea kwenye vinasaba. Mengi hayana maana au humdhuru bakteria mwenyewe. Lakini mara chache sana kosa moja humpa uwezo ambao wenzake hawana. Wapo wanaotengeneza kimeng’enya kinachoikata dawa kabla haijafanya kazi. Wengine hubadilisha umbo la sehemu ile ambayo dawa ingejishikiza. Wengine wana pampu ndogo kwenye ukuta wa mwili wao, na dawa ikiingia wao wanaitoa nje, kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja.

Dawa ikija, wasio na uwezo huo wanakufa na mwenye nao anabaki peke yake na chakula chote. Dozi hafifu ni hatari zaidi, maana inaua wanyonge na kuwaacha wenye nguvu kidogo wapate nafasi ya kuongezeka. Dawa ya kila wiki kwenye ndoo, ambayo kuku mmoja hunywa sana na mwingine anaonja tu, ni dozi hafifu iliyopangwa kabisa.

Kisha kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Bakteria hawarithishani usugu kwa kuzaana tu. Wanagawiana. Wanavyo vipande vidogo vya vinasaba vya mviringo viitwavyo plasmidi, na bakteria mmoja huweza kumpa mwenzake nakala, hata kama huyo mwenzake ni wa aina nyingine. E. koli asiye na madhara anayekaa tumboni mwa kuku anaweza kumpa Salmonela anayepita. Tena plasmidi moja huweza kubeba usugu wa dawa tatu, nne au tano kwa pamoja. Ndiyo maana unaweza kutumia tetrasaikilini kwa kuku na ukakuta bakteria aliyebaki anaikataa pia ampisilini, ambayo kuku hakupewa kamwe.

Wasomaji wetu wa Denmark watakumbuka jambo lililotokea kwao, na naona ni mfano bora kuliko yote. Kwa miaka mingi wafugaji wa huko waliweka kwenye chakula cha kuku na nguruwe dawa iitwayo avoparsini ili wanyama wakue haraka. Avoparsini ni ndugu wa vankomisini, dawa ambayo hospitali huiweka akiba kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 1994 hospitali za Denmark zilitumia takriban kilo 24 za vankomisini kwa wagonjwa wa nchi nzima. Wanyama walilishwa takriban kilo 24,000 za avoparsini. Mwaka 1995 serikali yao ilipiga marufuku. Wakati huo, kati ya bakteria wa jamii ya enterokoki waliochukuliwa kwenye kuku wa nyama, karibu asilimia 73 walikuwa sugu. Mwaka 2000 walikuwa wamebaki karibu asilimia 6.

Kwa nguruwe mambo yalikuwa tofauti. Avoparsini iliondolewa lakini usugu haukushuka. Baadaye ikaonekana kwamba nguruwe walikuwa bado wanapewa dawa nyingine, tailosini, na kwamba usugu wa dawa zote mbili ulikuwa umebebwa kwenye plasmidi moja. Tailosini ilipopunguzwa mwaka 1998, ndipo usugu wa ile ya kwanza ukaanza kushuka. Nawaeleza haya kwa sababu vikundi viwili vyetu vimeniambia kwa furaha kwamba vimeacha oksitetrasaikilini, na nilipouliza wanatumia nini, wakanionyesha paketi ya dawa nyingine.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki zote za kukuza mifugo kuanzia Januari 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza kwamba mifugo wenye afya wasipewe dawa zinazohitajika kutibu binadamu, si kwa kukuza wala kwa kukinga. Tanzania nayo ina mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu huu. Wa kwanza ulikuwa wa 2017 hadi 2022, na wa pili ni wa 2023 hadi 2028, na unahusisha afya ya binadamu na mifugo kwa pamoja. Nasikitika kusema kwamba maelekezo tuliyoyagawa sisi kwa vikundi yaliendelea kutumika vilevile baada ya haya yote kuandikwa.

Dhiki humkomaza

Sasa naingia sehemu ambayo haizungumzwi sana kwenye semina zetu, nayo inagusa jikoni moja kwa moja.

Bakteria wa chakula anapita kwenye mateso mengi kabla ya kufika tumboni mwa mtu. Anakaushwa juani, anapata chumvi, anapata joto la jikoni, baridi ya friji, ukali wa ndimu au wa maziwa ya mgando, na klorini kwenye maji. Mateso makali ya kutosha humuua. Lakini mateso ya wastani, yasiyomuua, humfanya ajiandae. Ndani yake kuna vidhibiti vinavyofanya kazi kama swichi, kwa E. koli na Salmonela kile kikuu kinaitwa RpoS. Hali ikiwa ngumu swichi hiyo huwashwa, na bakteria anaacha kukua, anaimarisha ukuta wake, anatengeneza protini za kurekebisha sehemu zilizoharibika na anakaa akisubiri.

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, John Foster na mwenzake, walionyesha jambo hili kwa Salmonela. Waliwaweka kwanza kwenye asidi kidogo, ya pH 5.8, kisha wakawahamishia kwenye asidi kali ya pH 3.3. Wale waliokuwa wameonja asidi kidogo walistahimili zaidi ya wale waliotupwa moja kwa moja kwenye kali. Na bakteria aliyejiandaa kwa dhiki moja mara nyingi anakuwa amejiandaa pia kwa nyingine: aliyezoea asidi anastahimili zaidi joto au chumvi.

Tunaambiana kwamba ndimu inaua wadudu kwenye kachumbari, na kwamba maziwa yakishaganda hayana tatizo. Ndimu inasaidia, sikatai, na bakteria wengi hawapendi maziwa ya mgando. Lakini mwaka 1991 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, watu waliugua E. koli aina ya O157 kutokana na juisi ya matofaa, kinywaji chenye asidi ambacho watu walikiamini siku zote. Aina hiyo ya E. koli huweza kuvumilia asidi kwa siku nyingi, hasa ikiwa kwenye baridi. Asidi ya tumboni mwetu ni ulinzi mkubwa tuliopewa, na bakteria aliyekwisha kuzoezwa na asidi ya chakula ana nafasi nzuri zaidi ya kuuvuka.

Je, dhiki hii inahusiana vipi na usugu wa dawa? Zile pampu nilizozitaja, zinazotoa dawa nje, si kwa ajili ya dawa tu. Bakteria huzitumia kutoa sumu ya aina yoyote, ikiwemo ile anayokutana nayo tumboni kwenye nyongo na kwenye baadhi ya dawa za kusafishia. Akizidisha pampu kwa sababu ya dhiki moja, antibayotiki nayo inapata shida kuingia. Aidha, bakteria aliyeacha kukua kwa sababu ya dhiki huwa haguswi sana na dawa kama penisilini ambazo humshambulia anapojenga ukuta wake. Na wakiwa pamoja hujenga utelezi, ule unaouona kwenye vyombo vya kunyweshea kuku visivyosuguliwa. Ndani ya utelezi huo klorini inafika kwa shida, dawa inafika kwa shida, na wao wanagawiana plasmidi wakiwa jirani kabisa. Mtu anayemwaga klorini kidogo kwenye chombo chenye utelezi bila kukisugua anawazoeza tu. Sugua kwanza kwa sabuni na brashi, suuza, halafu ndipo utie klorini kwa kipimo kilichoandikwa.

Sitaki mtu aogope kupita kiasi. Bakteria sugu kwa dawa hana usugu dhidi ya moto. Chakula kilichofikia nyuzi joto 70 mpaka katikati kimewaua Salmonela, E. koli na Listeria, wawe sugu au wasiwe. Vikundi havina vipimajoto, najua. Kwa kuku, angalia maji yanayotoka kwenye paja karibu na mfupa yasiwe na wekundu. Kwa yai, kiini kiwe kimeshikana. Wale vijana wanaokunywa mayai mabichi kwenye maziwa ili wapate nguvu waambiwe ukweli, hata kama mayai ni ya mradi wa usharika.

Kitu ambacho moto hauondoi kwa uhakika ni mabaki ya dawa yenyewe ndani ya yai au nyama. Hilo ni suala jingine, nitalirudia.

Unga wa lishe

Nimesema moto unaua, lakini hapa kuna tahadhari inayohusu vikundi vya akina mama wanaotengeneza unga wa lishe wenye karanga.

Salmonela anapokuwa kwenye kitu kikavu au chenye mafuta mengi hakui, lakini hafi. Anaweza kukaa miezi mingi. Na akiwa mkavu joto lilelile ambalo lingemuua kwenye mchuzi linamuua taratibu sana. Kati ya 2008 na 2009 siagi ya karanga iliwaugua zaidi ya watu 700 nchini Marekani na 9 walifariki, ingawa karanga zilikuwa zimekaangwa. Tatizo mara nyingi linatokea baada ya kukaanga: karanga zinaanikwa sakafuni kuku wanapopita, zinawekwa kwenye gunia lililobeba mbichi, au mashine ya kusaga inaoshwa kwa maji na kutumika kabla haijakauka. Mtaona kwamba katika jengo jipya la kusindika tumeomba mlango tofauti wa karanga mbichi. Mfadhili mmoja aliuliza kama mlango wa pili ni anasa. Si anasa.

Wateja wa unga huo ni watoto wadogo. Waambiwe mama zao kwamba uji lazima uchemke na kutokota, si kukorogwa kwa maji ya moto ya chupa ya chai.

Sufuria za kipaimara

Kila mwaka msimu wa kipaimara tunapika pilau kwenye sufuria ambazo mtu mmoja hawezi kuziinua. Pilau inaivishwa usiku ili asubuhi watu waende ibadani, na inafunikwa vizuri ili isipoe. Nilikuwepo kwenye sherehe moja ambayo jioni yake familia nzima na nusu ya wageni walipanga foleni chooni. Kila mtu alimlaumu muuza nyama. Mimi sidhani.

Bakteria wawili hupenda sufuria hizo. Mmoja, Basilasi sereasi, hukaa kwenye mchele, na mwingine, Klostridia pafrinjensi, kwenye nyama. Wote wawili hutengeneza mbegu ngumu, ambazo ndizo mwisho wa ustahimilivu wa dhiki: maji yanayochemka hayaziui. Pilau ikiiva wale wenye kuishi kawaida wamekufa na mbegu zimebaki peke yao. Sufuria kubwa iliyofunikwa inapoa polepole, na ikishuka chini ya nyuzi 60 mbegu zinaota. Yule wa mchele hutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiharibu. Kwa hiyo mpishi anayesema “nimepasha mpaka kikatokota” anasema kweli, na bado watu wanaumwa.

Dawa yake ni rahisi na hakuna anayeipenda: kupika alfajiri badala ya usiku, au kugawa chakula kwenye vyombo vidogo vya kina kifupi kipoe haraka. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida. Friji nayo ina mipaka yake. Listeria huendelea kukua kwenye baridi ya friji, taratibu lakini bila kusimama. Afrika Kusini kati ya 2017 na 2018 zaidi ya watu 1,000 waliugua Listeria na zaidi ya 200 walifariki, wakiwemo watoto wachanga, na chanzo kilikuwa soseji kubwa iliyo tayari kuliwa inayoitwa polony. Wajawazito wasile nyama za namna hiyo bila kuzipasha moto vizuri.

Yanapofika zahanati

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 wanaugua kutokana na chakula kisicho salama na 420,000 wanafariki; kati ya hao 125,000 ni watoto chini ya miaka mitano. Wengi wa wanaoharisha hawahitaji antibayotiki kabisa. Wanahitaji maji, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, na watoto wapewe zinki.

Shida ni pale bakteria anapovuka utumbo na kuingia kwenye damu. Katika nchi zetu za kusini mwa Sahara, Salmonela wa kawaida, wale ambao Ulaya huleta kuhara kwa siku chache, huingia kwenye damu za watoto wenye utapiamlo au malaria na za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kundi moja la Salmonela hao lijulikanalo kama ST313 limeenea Afrika, na sehemu kubwa yake haisikii dawa za zamani kama ampisilini na kloramfenikoli. Mtoto kama huyo anahitaji dawa inayofanya kazi leo, si baada ya kujaribu mbili. Homa ya matumbo nayo imefika pabaya: huko Sindh, Pakistan, tangu 2016 kuna aina ambayo kwa dawa za kumeza imebaki karibu moja tu, azithromaisini.

Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kwa sababu ya usugu wa bakteria, na Afrika ya kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Siwezi kumwonyesha yule mama mtoto mmoja na kumwambia huyu amekufa kwa ajili ya ndoo yako, na haitakuwa haki. Usugu mwingi tunaoukuta hospitalini unatokana na dawa walizotumia binadamu wenyewe. Kila mwenye homa anapimwa Widal, kipimo kinachodanganya mara nyingi, anaambiwa ana taifodi, anapewa sipro, anakunywa siku tatu akipata nafuu anaacha. Lakini kuku ni sehemu yetu sisi, na tulikuwa tunalipia.

Tulichobadilisha, na tunachobishana bado

Kifungu cha dawa kimeondolewa. Mahali pake kuna chanjo ya mdondo, gumboro na ndui, waya wa kuzuia ndege wa porini, chokaa, na posho ya daktari wa mifugo kutembelea kila kikundi. Antibayotiki itatumika tu kuku wakiugua na mtaalamu akaandika jina la dawa, kipimo na siku, kwa kuku waliougua na si banda zima kwa mazoea. Vyombo vya maji vinasuguliwa kila siku. Mbolea ya kuku haipelekwi kwenye bustani ya mchicha ikiwa mbichi. Irundikwe na kufunikwa ipate joto lake na kuoza kwanza, maana bakteria sugu hutembea kwa njia hiyo pia mpaka kwenye mboga.

Mapato yameshuka. Sehemu ni kwa sababu vikundi viwili vilichelewa kuchanja na vikapoteza kuku. Sehemu nyingine ni lile suala la mabaki ya dawa. Kila dawa ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye paketi, ambao mayai hayatakiwi kuliwa wala kuuzwa. Zamani hakuna aliyeusoma muda huo, nasi hatukuuliza. Sasa tunauliza, na mayai ya siku hizo yanafukiwa.

Hapa ndipo tunapobishana. Kikundi kimoja kimesema wazi kwamba hakitafukia trei za mayai wakati watoto wao wanadaiwa ada, na kwamba atakayewaambia wafukie awalipe. Mwenyekiti wa kamati ya usharika huo ananilaumu kwamba nimeleta sheria za Ulaya. Nimemjibu kwamba mayai hayo yanauzwa kwa shule yetu wenyewe. Hata hivyo hoja yao ya fedha naiona ina uzito. Tukimwadhibu mwenye kusema kweli kwamba ametibu kuku, mwezi ujao atatibu kimya kimya. Nimependekeza mfuko mdogo wa kufidia nusu ya bei ya mayai yanayofukiwa, kwa kikundi kilichochanja kwa wakati na chenye daftari lililojazwa. Wafadhili wawili wamekubali, mmoja amesema fedha za maendeleo haziwezi kununua mayai ya kutupa. Kamati ya miradi italiamua katika kikao cha robo ijayo, na maoni ya sharika yaniletewe kwa maandishi kabla ya hapo.

Kwa yule mama nilirudi na daktari kama nilivyoahidi. Alituonyesha paketi zilizobaki, nusu gunia. Hatukuzitupa chooni wala kuzimwaga mtoni, kwani zingewazoeza bakteria wa huko. Daktari alizichukua ziteketezwe kwa utaratibu wa ofisi yake. Vikundi vingine vyenye akiba kama hiyo wasimwage. Waandike idadi ya paketi kwenye fomu ya kumbukumbu za kuku, na gari la mradi litazipitia wakati wa mzunguko wa chanjo.